Je, Tulinunua Kilicho Chetu? Mbulu, Hanang na Hisa za Benki Mwaka 2008



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari ya historia ambayo vijana hawaipati katika vitabu vyao. Nimeona heri niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu tulilishuhudia kwa macho, na baadhi yetu tulilitolea fedha, lakini hatukuliita historia kwa sababu lilitokea mbele ya dirisha la benki. Jambo lenyewe ni la mwaka 2008, pale serikali ilipouza sehemu ya hisa zake katika Benki ya NMB kwa wananchi. Sisi watu wa Mbulu na Hanang, walimu, wauguzi, wafugaji na wakulima wa vitunguu swaumu, tulibishana kwa majuma kadhaa: tununue, au tusinunue? Na inakuwaje mtu auziwe kitu ambacho alikwisha kuambiwa kuwa ni chake?

Mimi nilinunua. Rafiki yangu wa tangu shuleni hakununua. Miaka mingi imepita, na kila tukutanapo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani ubishi huanza upya kabla chai haijapoa. Nimeandika makala hii ili niutazame ubishi ule kwa haki, upande wake na upande wangu.

MDAHALO WA 1974

Wenzangu wa miaka ile mtakikumbuka chama chetu cha midahalo. Mwaka 1974, nikiwa Kidato cha Tatu, tulipewa mada isemayo kwamba njia kuu za uchumi sharti zimilikiwe na umma. Rafiki yangu, tuliyelala naye bweni moja, yeye kitanda cha juu na mimi cha chini, alipangwa kuunga mkono. Mimi nilipangwa kupinga, na katika siku zile kupinga mada ya namna hiyo kulikuwa sawa na kupelekwa shambani na jembe lisilo na mpini. Nilishindwa vibaya. Yeye alieleza kwamba kabla ya Azimio la Arusha mkulima aliweka shilingi yake benki, na shilingi ile ikapanda meli kwenda kuwajengea wengine huko Ulaya. Lakini sasa benki ni yake, na shilingi yake inabaki nyumbani. Bwalo zima lilipiga makofi, na mimi niliyekuwa mpinzani nilipiga pia.

Maneno yake yalikuwa na msingi. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na kesho yake mabenki yakataifishwa. Kutokana na mabenki hayo ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilishika sehemu kubwa mno ya shughuli za benki katika Tanzania Bara. Kwa watu wa wilaya za mbali hili halikuwa jambo dogo. Benki yenye kutafuta faida peke yake haina haraka ya kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuja Mbulu. Benki ya umma ilitakiwa kuwafikia watu hata mahali ambapo faida ilikuwa haba, na hapo ndipo ilipopita mishahara ya walimu, fedha za mazao na akiba za watu wadogo. Kwetu sisi benki haikuwa duka la fedha tu. Ilikuwa huduma, kama zahanati na posta.

CHA UMMA NI CHA NANI?

Lakini wakati sisi tukipiga makofi bwaloni, jambo jingine lilikuwa likiendelea upande wa pili wa Mlima Hanang, katika uwanda wa Basotu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilikuwa imeanzisha huko mashamba makubwa ya ngano, ambayo yaliwekwa chini ya shirika la umma lililoitwa NAFCO. Hatimaye mashamba yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla yalichukua zaidi ya ekari 70,000. Ngano ilipatikana, na hakuna awezaye kukana kwamba taifa lilihitaji mkate. Walakini uwanda ule haukuwa mtupu. Ulikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao.

Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake kadhaa walilishtaki shirika mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ile, kwa kuona kwamba haki ya walalamikaji juu ya ardhi haikuthibitishwa kama sheria inavyotaka. Kesi hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo, na kijana wa shule yetu anayetaka kuwa mwanasheria hana budi kuifahamu.

Tazameni ugumu wa jambo hili. Shamba lilikuwa mali ya umma. Mbarabaig naye ni sehemu ya umma. Hata hivyo mmoja wa umma alisimama kortini kuudai umma ardhi ambayo babu zake waliijua, akashindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliamua kuyatoa mashamba yale mikononi mwa shirika. Baadhi yakarudishwa kwa wananchi na mengine yakatafutiwa wawekezaji. Kwa hiyo watu wa Hanang waliyaona yote mawili, kutaifisha na kubinafsisha, juu ya udongo ule ule, na katika nyakati zote mbili maamuzi yalifanyika mbali nao.

Rafiki yangu kwao ni upande huo wa Basotu. Alisomea mifugo, akawa bwana mifugo, akazunguka vijiji vya Hanang kwa baiskeli na baadaye kwa pikipiki. Baada ya 1985 sikumsikia tena akiyatamka maneno "mali ya umma" bila kwanza kunyamaza kidogo.

JINSI BENKI ILIVYOFIKA SOKONI

Katika miaka ya 1980 NBC ilikuwa imeelemewa. Mashirika ya umma na vyama vya ushirika vilikopa kwake fedha nyingi, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo haikurudi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila fedha zilizoandikwa humo hazikuwapo. Serikali iliunda tume ya kuchunguza mambo ya benki chini ya Charles Nyirabu, aliyepata kuwa Gavana wa Benki Kuu, na mwaka 1991 ikapitishwa sheria iliyoruhusu mabenki ya watu binafsi kurudi nchini. Mwaka 1996 benki ya CRDB, ambayo zamani ilikuwa ya serikali na kazi yake ilikuwa maendeleo ya vijijini, iliuzwa kwa wanahisa, na miongoni mwao walikuwamo watu wa kawaida na vyama vya ushirika. Mwaka 1997 NBC yenyewe ikagawanywa. Sehemu moja ilibaki na jina la NBC. Nyingine ikawa NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani yenye kuhudumia watu wenye akiba ndogo.

Mwalimu Nyerere, akiwa amekwisha kustaafu, alipinga hadharani kuuzwa kwa NBC. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na mwaka 2000 sehemu kubwa ya NBC ilinunuliwa na benki ya ABSA ya Afrika Kusini. Wakati wote huo Waziri Mkuu alikuwa Ndugu Frederick Sumaye, mbunge wetu wa Hanang, aliyeshika wadhifa huo tangu 1995 hadi 2005. Nalitaja hili ili vijana wajue kwamba mambo haya hayakufanywa na watu wa mbali tu. Mwenyeji wa hapa hapa alikuwamo katika uongozi wa serikali iliyoyatekeleza.

Zamu ya NMB ilifika 2005. Asilimia 49 ya hisa zake iliuzwa kwa kundi la wanunuzi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na serikali ikabaki na asilimia 51. Ndipo mwaka 2008, katika miezi ya Agosti na Septemba, serikali ilipotangaza kuuza asilimia 21 kwa Watanzania. Hisa zote za benki zilikuwa milioni 500, kwa hiyo zilizotolewa zilikuwa milioni 105, kila moja kwa shilingi 600. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba jumla yake ni shilingi bilioni 63. Mwezi Novemba mwaka huo hisa hizo ziliandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, soko lililoanza kazi yake mwaka 1998.

UBISHI WA KATESH

Siku za mnada wa Katesh tulizoea kukutana katika kibanda kimoja cha chai. Wafugaji walikuja na ng'ombe, wafanyabiashara na mabegi ya fedha, na sisi watumishi tulikuja na magazeti. Katika kibanda hicho nilisikia mambo ya uchumi yakijadiliwa vizuri kuliko nilivyopata kuyasikia katika semina yoyote.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu mwenzangu wa hesabu. Hoja yake ilikuwa fupi. Fedha iliyofichwa chini ya mto haizai. Fedha ya akiba huzaa kidogo. Hisa ya benki yenye wateja nchi nzima ina matumaini ya kuzaa zaidi, na kama serikali inauza kwa shilingi 600 kwa Mtanzania yeyote, basi ni bahati ambayo baba zetu hawakupata kuiona. "Sisi walimu," alisema, "mishahara yetu inapita mle kila mwezi. Kwa nini tuwe wateja tu, wakati tunaweza kuwa wenyewe?"

Muuguzi mmoja kutoka Haydom alimpinga. Aliuliza mwenye hisa anataka nini. Anataka faida. Na faida iko wapi, Dar es Salaam au Mbulu? Siku wenye hisa watakapohesabu gharama za kusafirisha fedha kwa barabara zetu za masika, watasema tawi hili lifungwe. Akatukumbusha habari ya maji ya Dar es Salaam: mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa kazi hiyo, na mwaka 2005 serikali ikauvunja mkataba. "Huduma si biashara ya shati," alisema. "Shati usipolipenda unakwenda duka la pili. Benki ya pili hapa iko wapi?"

Mama mmoja mkulima wa vitunguu swaumu, aliyekuja kutoka upande wa Mbulu kutafuta mbuzi, alisikiliza muda mrefu, kisha akauliza swali lililotunyamazisha. "Wanangu, hiyo hisa, siku mtoto akiugua usiku, naiuza kwa nani? Mbuzi namfahamu. Asubuhi namfikisha mnadani, jioni nina fedha." Mwalimu wa hesabu alimweleza juu ya madalali wa hisa na soko la Dar es Salaam. Mama aliitikia kwa adabu, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaenda kununua mbuzi wake.

Mwisho alisema rafiki yangu. Hakupaza sauti. Alisema kwamba benki ile ilijengwa kwa kodi zetu na akiba zetu, na tuliambiwa ni yetu. Sasa tunaambiwa tuinunue. "Mtu akininunulisha shati langu mwenyewe," alisema, "atakuwa ameniuzia nini?" Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo lililobaki moyoni mwangu. "Mwalimu, mimi sigombani na faida. Nauliza juu ya sauti. Mashamba ya Basotu yalikuwa ya umma, na wazee hawakuwa na sauti. Wewe ukiwa na hisa zako 400, utakuwa na sauti gani?"

Nilimjibu kwamba hisa zitauzwa tupende tusipende. Tukizikataa sisi, watazichukua wenye fedha wa mijini, na sisi tutabaki wateja wa watu wengine. Heri kuwa na kidogo kuliko kulalamika mlangoni. Hakunijibu. Alilipia chai yetu sote, akaondoka.

Juma lililofuata nililipa shilingi 240,000 kwa hisa 400. Zilikuwa akiba ya muda mrefu, na mke wangu hakuwa na furaha, maana tulikuwa tumezikusudia kwa bati za nyumba.

WENGINE WALIBISHANA VIVYO HIVYO

Tusidhani kwamba ubishi ule ulikuwa wa Katesh peke yake. Mwaka 1984 serikali ya Uingereza iliuza zaidi ya nusu ya shirika lake la simu, na watu zaidi ya milioni mbili walinunua hisa, wengi wao hawakupata kumiliki hisa kabla ya hapo. Mwaka uliofuata Harold Macmillan, aliyepata kuwa Waziri Mkuu kutoka chama hicho hicho kilichokuwa kikiuza, aliufananisha uuzaji wa mali za taifa na familia iliyoishiwa inayouza vyombo vyake vya thamani. Ni swali la shati la rafiki yangu, ila limevaa suti.

Majirani zetu wa Kenya nao, mwaka huo huo wa 2008, waliuziwa asilimia 25 ya kampuni ya simu ya Safaricom, iliyokuwa mikononi mwa serikali yao. Bei ilikuwa shilingi 5 za Kenya kwa hisa. Wananchi walipanga foleni, wengine wakakopa ili wanunue. Baada ya kuandikishwa sokoni mwezi Juni, bei haikuchelewa kushuka chini ya shilingi 5, na ilikaa huko kwa muda mrefu kabla ya kupanda tena. Aliyekopa alilia. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe akasubiri, alikuja kucheka. Hapo kuna funzo: hisa haina huruma kwa mtu mwenye haraka, na maskini mara nyingi ana haraka, si kwa tabia bali kwa shida.

YALIYOTOKEA

Sasa tuwapime wasemaji wetu mmoja mmoja, maana historia bila kupima ni hadithi tu.

Mwalimu wa hesabu alikuwa sahihi, tena kupita alivyodhani. Kwa mwaka 2023 benki ilitoa gawio la shilingi 361 kwa kila hisa, yaani zaidi ya nusu ya bei tuliyonunulia. Ni kweli kwamba shilingi ya 2008 si shilingi ya 2023, na kila anunuaye gunia la mahindi anajua hivyo. Hata hivyo aliyezishika hisa zake hakupata hasara.

Muuguzi aliogopa kwamba matawi ya wilayani yatafungwa. Hofu yake haikutimia. Tawi la Mbulu lipo na la Katesh lipo, na matawi ya benki hiyo nchini yameongezeka hata kupita 200. Tena wamekuja mawakala, na simu ya mkononi imegeuka kuwa dirisha la benki. Lakini tusimcheke. Mkataba wa maji ulivunjika kama alivyosema, na reli ya kati, iliyokabidhiwa kwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007, ilirudi mikononi mwa serikali mwaka 2011. Benki ilifaulu kwa sababu faida na huduma zilikwenda njia moja: wateja wadogo wa wilayani walikuwa wengi, na wingi wao ulilipa. Pale ambapo faida na huduma zinaachana njia, hofu ya muuguzi ni hofu ya mtu mwenye akili.

Mama wa vitunguu swaumu alisema kweli, na ukweli wake ulinipata mimi mwenyewe. Miaka michache baadaye mwanangu alipata nafasi ya chuo, karo ikatakiwa kwa muda mfupi. Niliuza hisa 200, nusu ya nilizokuwa nazo. Nani alizinunua? Sijui. Soko la hisa halina uso. Najua tu kwamba hakuwa mtu mwenye karo ya kulipa juma lile. Kwa hiyo gawio la 2023 nililipokea kwa hisa 200 zilizobaki, shilingi 72,200 kabla ya kodi, badala ya 144,400. Sikujuta, maana mwanangu alihitimu. Lakini nilijifunza kwamba kuwagawia wananchi hisa ni jambo moja, na hisa kubaki kwa wananchi wadogo ni jambo jingine. Siku ya shida mdogo huuza, na mkubwa hununua.

Ameachwa rafiki yangu na swali lake la sauti. Katika mkutano wa wanahisa, hisa ndiyo inayopiga kura. Mwekezaji mkubwa wa kigeni ana zaidi kidogo ya theluthi moja, na serikali ina karibu theluthi moja. Hisa zangu 200 katika milioni 500 ni kama tone katika Ziwa Basotu. Kwa miaka mingi mkutano ulikuwa mbali na Mbulu, na nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi ingekula gawio lote la mtu kama mimi. Tangu siku za korona imewezekana kuhudhuria kwa njia ya mtandao. Nimehudhuria. Nilisikiliza hesabu, nikapiga kura yangu kwa kidole kwenye simu, nikaenda kukamua ng'ombe. Siwezi kusema kwamba nilikuwa bubu. Wala siwezi kusema kwamba sauti yangu ilibadili jambo.

WAKULIMA WA UHOLANZI

Kuna jambo ambalo katika kibanda cha chai hakuna aliyelitaja, nami nililijua baadaye kwa kusoma. Tulimwita mnunuzi mkuu wa 2005 "Wazungu wa Uholanzi", kana kwamba ni kabaila mmoja aliyekuja na mkoba wa fedha. Lakini Rabobank ilizaliwa na ushirika wa wakulima. Katika karne ya 19 meya mmoja wa Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliwafundisha wakulima maskini kuweka akiba pamoja na kukopeshana, ili waondokane na wakopeshaji wenye riba ya kunyonya. Wakulima wa Uholanzi waliiga, na mwaka 1898 vyama vyao vikaunda miungano miwili, ambayo mwaka 1972 iliungana ikawa Rabobank. Katika ushirika hisa haipigi kura. Mtu ndiye apigaye kura, mwenye ng'ombe mmoja sawa na mwenye mia.

Sasa linganisheni tarehe, vijana. Mwaka 1972 vyama vya wakulima wa Uholanzi viliungana viwe na nguvu zaidi. Mwaka 1976 sisi tulivivunja vyama vyetu vikuu vya ushirika kwa amri ya serikali, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Vilirudi vikiwa dhaifu. Na mwaka 2005 wakulima wale wa Uholanzi, kwa njia ya benki yao, wakawa wenye sehemu kubwa ya benki yetu, nasi tukaingia mwaka 2008 mmoja mmoja, kila mtu na hisa zake mfukoni.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la rafiki yangu, au angalau nusu ya jibu. Tulipokuwa wanafunzi tulibishana kama mali iwe ya umma au ya watu binafsi, tukadhani kwamba swali linaishia hapo. Uwanda wa Basotu ulituonyesha kwamba kitu kinaweza kuwa cha umma, na mwananchi akakosa sauti ndani yake. Hisa za benki zimetuonyesha kwamba kitu kinaweza kuwa changu kwa karatasi, kikanipa fedha kila mwaka, na bado sauti yangu isifike popote. Katika hali zote mbili kilichokosekana ni kile kile: watu wadogo waliojiunga, wenye daftari lao, wanaojua wanachotaka kusema.

PENDEKEZO LANGU

Nisiishie katika maneno. Umoja wetu wa wanafunzi wa zamani una watu waliotawanyika toka Mbulu hadi Mwanza na Dar es Salaam, na najua kwamba wengi wenu mlinunua hisa mwaka ule au baadaye, 50 hapa, 200 pale. Napendekeza kwamba umoja uanzishe mfuko wenye jina lake wenyewe, na kila mwenye uwezo auhamishie hisa chache. Hisa za mfuko zisiuzwe kwa shida ya mtu mmoja. Gawio lilipie mahitaji ya wanafunzi wetu wenye dhiki, na kila mwaka wajumbe wawili, mmoja wao awe mwanafunzi wa Kidato cha Nne au cha Sita, wasome hesabu za benki na kuleta taarifa kwa mkutano wetu. Katika mfuko huo kila mwanachama awe na kura moja, aliyetoa hisa tano sawa na aliyetoa mia tano. Nimekwisha kuwaandikia viongozi wetu kwamba hisa 100 katika zangu 200 ziko tayari.

Nilimsomea rafiki yangu makala hii kabla ya kuipeleka kwa Mhariri, tukiwa tumeketi uani kwake Katesh, mlima ukiwa juu yetu umevaa wingu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba swali la shati bado sijalijibu, na ni kweli, sijalijibu. Kisha akauliza ni lini mkutano, na kama mtu asiye na hisa hata moja anaweza kutoa mbuzi, auzwe mnadani, na fedha zake zinunue hisa kwa jina la mfuko.

Nimemwambia kwamba katiba ya umoja haikatazi. Mkutano ndio utakaoamua.